Kinywaji cha Mama Mrusi wa Utemini

Akina mama wenzangu, wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Mimi ni muuguzi, na kazi yangu imenizoesha kutoa maelekezo na kusikilizwa. Mwaka jana nilitoa maelekezo kwa simu, nikiwa jikoni kwangu Dodoma, juu ya kitu ambacho sikuwa nimekiona wala kukionja. Maneno yale machache yalimfungia mlango mama mmoja mjane. Leo nataka niwasimulieni safari niliyoifanya kwenda Utemini, Singida, kuyarekebisha, na mambo niliyojifunza huko juu ya chachu, kimea na mioyo yetu sisi wanawake.

Simu ya mdogo wangu

Mdogo wangu ameolewa Singida, na nyumba yao iko Utemini, moja ya kata za manispaa. Yeye ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa kanisa la pale mtaani. Siku moja alinipigia simu akasema, "Dada, wewe ni mtu wa hospitali na ni mtu wa kanisa. Kuna bibi mmoja Mrusi hapa kwetu, anatengeneza kinywaji kwa mikate. Kinatoa povu. Ametuletea ndoo nzima kwa ajili ya sikukuu ya watoto. Je, tuwape?"

Sikuuliza swali hata moja. Nilijibu, "Kitu kinachochachuka na kutoa povu ni pombe. Msikiguse."

Ndugu msomaji, inafaa ujue kwa nini nilijibu haraka namna ile. Mume wangu alikunywa pombe kwa miaka mingi, akaacha. Mke aliyewahi kukaa macho usiku akisikiliza hatua za mumewe mlangoni anajua ninachosema. Katika nyumba yangu hata harufu ya hamira ikizidi hunishtua. Basi hofu yangu ndiyo iliyozungumza siku ile, na taaluma yangu ikabaki kimya.

Wiki tatu baadaye mdogo wangu alinieleza kilichotokea. Mama mmoja wa kikundi aliichukua ile ndoo akaimwaga mtaroni mbele ya watoto, huku mwenyewe akitazama. Tangu siku hiyo Mama Mrusi, kama wanavyomwita pale mtaani, hakuonekana tena kanisani. Akigongewa geti, hafungui.

Nilikosa usingizi. Nikaomba likizo ya siku nne, nikakata tiketi ya basi.

Njiani kuelekea Singida

Ilikuwa mwezi wa saba, baada ya mavuno, wakati upepo wa kati ya nchi unapokuwa mkali na baridi ya asubuhi inapenya hadi kwenye mifupa. Basi lilitoka Dodoma alfajiri. Tulipita Bahi na mashamba yake ya mpunga, kisha Kintinku, kisha tukaanza kupanda Mlima Saranda ambako bonde lote linabaki chini nyuma yako kama mkeka uliotandikwa. Juu ya mlima ni Manyoni, na baada ya hapo nchi inakuwa ya vichaka, mibuyu na makundi ya ng'ombe.

Kuanzia Ikungi unajua kwamba umeingia nchi ya alizeti. Mashina makavu yalikuwa yamesimama shambani, na kando ya barabara madumu ya mafuta yalimeremeta kwa jua. Palipo na madumu ya mafuta hapakosi asali, vitunguu, na matenga ya kuku. Kila kituo vijana walikimbilia madirishani, "Mama, asali mbichi! Mama, kuku wa kienyeji!" Nami nikajiambia, nchi yenye mtama, uwele, ulezi na asali ni nchi ambayo haijakosa kamwe kitu cha kuchachusha.

Mji wa Singida uko juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na umezungukwa na mawe. Msomaji ambaye hajafika asidhani ni mawe ya kawaida. Ni majabali makubwa kama nyumba, mengine yamepandana kana kwamba mtoto wa jitu aliyapanga akayasahau. Katikati ya mawe hayo kuna maziwa mawili ya magadi, Singidani na Kindai. Maji yake hayanyweki, lakini kwa uzuri hayana mfano, na mara nyingine heroe hutua pembeni wakiwa na rangi ya waridi.

Utemini ni makazi ya watu wa kila aina: wafanyakazi wa serikali, wastaafu, wafanyabiashara wadogo. Jina lenyewe linakumbusha enzi za watemi, ambao mamlaka yao yalikoma mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru. Siku hizi hakuna mtemi. Kuna bodaboda, maduka ya vifaa vya ujenzi, watoto wa shule wenye sweta, na vumbi jekundu ambalo mdogo wangu analifagia asubuhi na jioni bila ya kulishinda.

Geti la kijani

Kesho yake saa nne asubuhi tulikwenda, mimi na mdogo wangu. Nilimwomba asibebe zawadi, maana zawadi wakati mwingine ni njia ya kukwepa kuomba radhi. Tulibisha hodi mara tatu kwenye geti la kijani. Mara ya nne tukasikia kandambili.

Alikuwa mama wa umri wa miaka sitini na kitu, mrefu, amejifunga khanga juu ya gauni na kitambaa kichwani, kama mama yeyote wa Singida. Ngozi yake ilikuwa imeungua jua ikawa na madoadoa. Mdogo wangu akamwamkia, "Shikamoo mama." Akajibu, "Marahaba," bila ya kuondoka mlangoni.

Nikasema, "Shikamoo mama. Mimi ndiye dada yake wa Dodoma. Mimi ndiye niliyesema kinywaji chako ni pombe, na sikuwa nimekiona. Nimekuja kukuomba radhi."

Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa Kiswahili chake chenye lafudhi nzito, "Umetoka Dodoma kwa basi kuja kusema hilo tu?"

"Ndiyo mama."

"Basi ingia. Mtu aliyepanda basi kwa saa zote hizo lazima ana kiu."

Kutoka Ryazan hadi Singida

Tulikaa chini ya mwembe nyuma ya nyumba, naye akatusimulia. Alizaliwa katika mji wa Ryazan, kusini-mashariki ya Moscow. Alikutana na mumewe wakati kijana huyo wa Kinyaturu alipokuwa akisomea uhandisi Moscow, katika chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata. Chuo hicho kiliwapokea vijana wengi wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Walioana, na mwaka 1986 wakaja Tanzania. Mumewe alifanya kazi ya maji. Wakajenga Utemini. Amefariki, naye amezikwa Singida, na mama huyu hakuona sababu ya kuondoka. "Kaburi liko hapa," alisema. "Nitakwenda wapi?"

Akina mama wa umri wake mnakumbuka hali ya nchi ilivyokuwa katika miaka ile ya themanini. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, unga wa ngano adimu. Bibi arusi huyu hakulilia nyama wala nguo. Alililia mkate mweusi wa kwao, ule unaookwa kwa nafaka iitwayo rai, na alililia kwasi.

Kwasi ndicho hicho kinywaji kilichomwagwa mtaroni. Warusi hukiita kvas, na jina hilo kwa asili linahusu kuchachuka, kama sisi tunavyosema chachu. Ni kinywaji cha mkate mkavu uliolowekwa, kikatiwa sukari kidogo na chachu, kikaachwa usiku mmoja. Enzi za Kisovieti kiliuzwa barabarani wakati wa kiangazi kutoka kwenye matangi ya rangi ya njano yenye magurudumu. Mtu alikunywa kwa bilauri akairudisha. Watoto walitumwa na ndoo kwenda kukinunua, kama sisi tulivyotumwa maziwa.

Ni kinywaji cha kale mno. Kumbukumbu za kale za nchi ya Kiev zinakitaja katika habari za mwaka 996, miaka michache baada ya mtawala Vladimir kubatizwa mwaka 988. Inasemwa humo kwamba Vladimir aliwakaribisha maskini waje kula kwake. Akakumbuka kwamba wagonjwa hawawezi kutembea hadi nyumbani kwake, basi akaamuru mikokoteni ipakiwe mikate, nyama, samaki, na mapipa ya asali iliyochachushwa na ya kwasi, izungushwe mjini na kuuliza, "Yuko wapi mgonjwa asiyeweza kutembea?" Mama Mrusi aliposimulia hayo niliinamisha kichwa. Kinywaji kilichowahi kupelekwa kwa wagonjwa mlango kwa mlango, mimi muuguzi nilikuwa nimekimwagisha.

Ukoko wa ugali

"Mwaka ule wa kwanza," aliendelea, "nilikuwa mjamzito, nina hamu, na mkate hakuna. Siku moja nikachukua ukoko wa ugali uliobaki kwenye sufuria, nikauchoma mpaka ukawa mweusi, nikauloweka kwenye maji. Nikakaa jikoni ninalia. Mama mkwe akanikuta."

Mama mkwe yule alikuwa mwanamke wa kijijini, hajui neno la Kirusi, na mkwewe hajui Kinyaturu wala Kiswahili cha kutosha. Alitazama ile sufuria, akaonja kwa kidole, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaenda ndani akarudi na kibuyu cha unga wa rangi ya udongo. Kilikuwa kimea.

Akina mama, kimea mnakijua. Ni ulezi au mtama uliolowekwa, ukaachwa uote, ukaanikwa, ukasagwa. Mbegu inapoota hujitengenezea ndani yake vitu vya kuvunja wanga na kuugeuza sukari. Ndiyo maana ukitia kimea kwenye uji mzito wenye uvuguvugu, uji huo hulegea mbele ya macho yako na kuwa mtamu bila ya kutia sukari. Ukiuacha usiku mmoja, unachachuka na kuwa togwa. Mama mkwe alipika uji mwembamba, akautia kimea, akafunika. Asubuhi alimpa mkwewe kikombe.

"Haikuwa kwasi," alisema Mama Mrusi. "Lakini ilikuwa ndugu yake. Kwetu kijijini bibi yangu pia aliotesha nafaka, akaikausha juu ya jiko la matofali. Nilidhani nimefika mwisho wa dunia, kumbe nimefika kwa bibi."

Tangu siku hiyo wanawake wale wawili walipika pamoja. Ulezi ukachukua nafasi ya rai. Mkate ulipopatikana, walichanganya mkate na kimea. Badala ya zabibu kavu za kwao, mumewe alileta za Dodoma. Mnanaa ulipandwa kando ya bomba. Maziwa ya ng'ombe wa mkwe yaligandishwa, naye akasema ni binamu wa kefiri ya kwao. Siku za joto alikatakata matango, yai la kuchemsha, viazi na kitunguu, akavimwagia kwasi baridi na kula kama supu. Supu hiyo huitwa okroshka. Mama mkwe, alituambia, aliionja mara moja tu na hakutaka tena.

Jinsi anavyotengeneza

Nilimwomba anionyeshe tangu mwanzo, nami nikaandika, maana najua wasomaji mtauliza.

Huchukua nusu kilo ya mkate wa kahawia, au mkate aliouoka mwenyewe kwa unga wa ngano na wa ulezi. Huukata vipande na kuukausha jikoni mpaka uwe na rangi ya kahawa, bila ya kuungua. Rangi na ladha yote hutoka hapo. Humimina lita tano za maji yaliyochemka, hufunika, na kuacha kwa saa nne au tano mpaka yapoe. Huchuja kwa kitambaa safi bila ya kukamua sana. Hutia sukari kikombe kimoja cha chai, hamira nusu kijiko cha chai, na majani machache ya mnanaa. Hufunika kwa kitambaa, si kwa mfuniko wa kubana, na kuacha mahali pa kivuli kwa saa kumi na mbili. Kisha huchuja tena, hutia kwenye chupa za plastiki pamoja na zabibu kavu mbili tatu kila chupa, na kuziweka mahali pa baridi. Zabibu zikielea, kinywaji ki tayari. Kinywewe siku hiyo au kesho yake.

Nilikionja. Kina ukakasi na utamu kwa pamoja, kikiwa na harufu ya ukoko wa mkate na mapovu madogo ulimini. Ni rahisi kukipenda.

Je, ni pombe?

Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo ilinipasa kuliuliza kwenye simu. Naye hakunificha. Aliinuka, akaleta chupa nyingine kutoka ndani. "Hii ina siku tano," alisema. "Fungua polepole."

Chupa ilikuwa imevimba na ngumu kama jiwe. Nilipoilegeza ilizomea kama nyoka. Harufu yake sikuhitaji kuelezwa. Naijua.

"Ya siku moja ni ya watoto wakubwa na wageni," alisema. "Ya siku tano si ya sikukuu ya kanisa. Ningewaambia kama mngeniuliza."

Huo ndio ukweli, akina mama, na hauko upande mmoja. Ndani ya kinywaji kama hiki kuna wafanyakazi wa aina mbili wasioonekana. Wa kwanza ni chachu, nayo hula sukari na kutoa hewa pamoja na kilevi. Wa pili ni vijidudu vya ukakasi, vile vile vinavyogandisha maziwa. Muda, joto na wingi wa sukari ndivyo vinavyoamua nani atashinda. Kwasi changa huwa na kilevi kidogo sana, kwa kawaida chini ya sehemu moja au zaidi kidogo katika mia, ilhali bia ya dukani huwa na nne hadi sita. Ukiiacha, inapanda. Hata togwa yetu, tunayowapa watoto bila ya wasiwasi, ukiisahau siku kadhaa nyumba ikiwa na joto, haibaki togwa.

Wala ukakasi huo si adui. Mwaka 1994 watafiti Wilbald Lorri, wa taasisi yetu ya chakula na lishe, na Ulf Svanberg wa Sweden walichapisha matokeo ya kazi yao hapa Tanzania. Walionyesha kwamba watoto wadogo waliopewa uji uliochachushwa waliugua kuhara kwa uchache kuliko wenzao. Sababu ni kwamba vijidudu vingi vya kuhara havistawi penye ukakasi. Na kimea, kwa kulegeza uji, humwezesha mtoto kula unga mwingi zaidi katika kikombe kile kile. Bibi zetu hawakusoma hayo, lakini waliyafanya.

Mashauri ya muuguzi

Kwa mama atakayetaka kujaribu, tafadhali azingatie haya.

Nafaka ya kimea iwe safi na kavu. Ikiota ukungu, tupa yote, usioshe wala kuanika upya. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye nafaka, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Kwa watoto, tumia kimea cha ulezi. Kimea cha mtama lazima kipukutwe vichipukizi na vizizi vyake baada ya kukauka, kwa kuwa humo mna sumu.

Maji yachemshwe, vyombo vioshwe kwa maji ya moto. Usitumie chupa za kioo, maana hewa ikizidi hupasuka, na nimekwisha kushona mkono wa mtoto kwa sababu ya chupa iliyopasuka.

Mama mjamzito, mtoto mdogo, na mtu anayetumia dawa zisizopatana na kilevi wasinywe kwasi. Wanywe togwa mpya ya siku hiyo au uji. Mwenye kisukari akumbuke ile sukari. Mwenye vidonda vya tumbo akumbuke ukakasi.

Na la mwisho: kamwe usimpe mtu kinywaji kilichochachuka bila ya kumwambia kilivyotengenezwa. Huenda unayemkaribisha anapigana vita usivyovijua.

Kikao chini ya mwembe

Jumamosi kikundi cha akina mama kilikutana, na Mama Mrusi alikubali kuja kwa sharti kwamba kikao kifanyike kwake. Walikuja kumi na wawili. Yule aliyeimwaga ndoo alikuja pia, akakaa nyuma kabisa. Nilisimama nikasema kosa lilikuwa langu, wao walinitii. Nikawaeleza yote niliyoyaeleza hapo juu, nao wakanusa chupa zote mbili.

Mjadala ulikuwa mkali. Mama mmoja alisema kama kitu kinaweza kuwa pombe keshokutwa, kisiwekwe kabisa mezani. Mwingine akamjibu, "Mbona togwa tunaiweka?" Waliamua hivi: sikukuu za watoto ni togwa mpya, na Mama Mrusi ndiye atakayesimamia kimea, kwa kuwa hakuna anayeotesha ulezi vizuri kuliko yeye. Kwasi, iwapo itauzwa kwenye mnada wa mavuno, iandikwe siku iliyotengenezwa, iwe ya watu wazima, na ya siku ya pili irudi nyumbani. Mama Mrusi alitikisa kichwa kukubali. Kisha akasema, "Mkwe wangu angecheka. Yeye alinifundisha kimea, sasa mimi nawafundisha wajukuu zake."

Wakati wa kuondoka, yule mama wa ndoo alibaki nyuma. Sikusikia walichosema. Niliona tu amepiga goti na kupokea mkono, kisha wameingia jikoni pamoja, na baadaye akatoka na kibuyu.

Nilichorudi nacho

Safari ya kurudi nilibeba dumu la asali, na chupa moja ya kwasi ambayo Mama Mrusi alisisitiza niichukue. Basi lilikuwa na joto. Tulipofika Manyoni chupa ilianza kuzomea ndani ya mkoba wangu, na harufu ikaenea. Mzee aliyekaa kiti cha mbele aligeuka akaniangalia, akaiangalia Biblia yangu, akageuka tena mbele bila neno. Nilikuwa nimelipwa.

Nyumbani nilimweleza mume wangu kila kitu, tangu simu hadi kikao. Nikaiweka chupa mezani nikamwambia ni nini, ina nini, na ina siku ngapi. Alilegeza kifuniko, akanusa. Mkono wake ulitetemeka kidogo, akakifunga.

"Mama watoto," alisema, "huyo mama hana kosa. Lakini hii si ya kwangu."

Niliimwaga kwenye mzizi wa mpapai, sasa kwa kuelewa, na si kwa hasira. Sikuona haya kuimwaga, na yeye hakuona haya kuikataa. Kitu kimoja kinaweza kuwa chakula kwa jirani na mtego kwa mume wako, na mke mwenye busara huzishika kweli zote mbili.

Ila Mama Mrusi alikuwa amenipa jambo lingine. Nilipomweleza habari za mume wangu, chini ya ule mwembe, alinishika mkono akaniambia kwamba kwao pia wanawake wengi wamekaa macho usiku wakisikiliza hatua. Akasema asali ya Singida, ukiichachusha, inakuwa pombe. Kwao huiita medovuha, na huku watu huita wanzuki. Yeye mwenyewe hakuwahi kuitengeneza nyumbani kwake. Lakini asali hiyo hiyo, bila ya chachu yoyote, ni sibiteni, kinywaji cha moto cha wakati wa baridi.

Chemsha vikombe vinne vya maji na kipande cha tangawizi iliyopondwa, karafuu nne, kijiti cha mdalasini na iliki mbili kwa dakika kumi. Chuja, acha ipoe kidogo, kisha koroga vijiko vinne vikubwa vya asali. Usimpe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, maana asali haimfai kabisa. Wengine wote wanywe ingali ya moto.

Jioni ile baridi ya Dodoma nilikipika. Mume wangu alikunywa kikombe, akaongeza cha pili, akauliza kinaitwaje. Nilipomwambia alijaribu kulitamka akashindwa, watoto wakacheka. Sasa tunakiita "chai ya Utemini," na kila mwezi wa saba asubuhi ikiwa na upepo, yeye ndiye anayeweka sufuria jikoni.